Kununua trekta dogo kwa shamba la ekari 10 hadi 50: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye shamba Tanzania anayefikiria trekta la kati ya HP (nguvu za farasi) 20 na 50. Bei zilizotajwa humu ni za mfano wa hesabu tu. Ingiza bei za kwako siku utakayokaa na kalamu.

Nina ekari 20. Nahitaji trekta langu mwenyewe?

Kwa kulima peke yake, huhitaji. Trekta la HP 40 lenye plau la diski mbili hukatua ekari moja kwa saa moja na dakika 50 hivi kwenye udongo wa kawaida, ukihesabu na kugeuza pembeni. Ekari 20 zinakwisha ndani ya siku tano. Kabla hujauliza bei, jiulize chombo hicho kitafanya nini siku zinazobaki za mwaka.

Wapo wenye jibu zuri. Mwenye mikorosho au michungwa ana nyasi za kufyeka mara kadhaa kwa mwaka. Mfugaji ana maji na majani ya kuvuta. Mwenye mahindi ana samadi ya kupeleka shambani, mavuno ya kurudisha, na mashine ya kupukuchua inayoweza kuendeshwa na trekta hilohilo. Kama kazi zako zote ni kukatua na kupiga haro (kuvunja mabonge) mara moja kwa msimu, kodi.

Kuna sababu moja tu inayoweza kupindua hesabu hiyo, nayo ni wakati. Anayekodisha trekta huanza na mwenye ekari 100, kisha ndiyo akufikie wewe mwenye 20, na kwenye maeneo ya msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, Songea au Sumbawanga, kuchelewa kupanda kunaonekana kwenye magunia. Ikiwa kila mwaka unapanda wiki mbili au tatu nyuma ya mvua kwa sababu ya foleni, kadiria magunia unayopoteza, zidisha kwa bei ya gunia, na hiyo fedha uiweke upande wa faida ya kumiliki. Usiitaje kwa maneno tu, iandike.

HP ngapi zinanitosha?

Swali hili huulizwa kwanza, na ndilo linalowapoteza wengi. Anza na zana utakayoivuta na udongo utakaoivutia, HP zitajitaja zenyewe. Rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, ya upana wa mita 1.2 kwenye udongo mwepesi inaendeshwa vizuri na HP 25 hadi 30. Plau la diski mbili linataka HP 35 hadi 45. Diski tatu kwenye udongo mzito wa mbuga linataka zaidi ya HP 50, na hapo umeshatoka kwenye trekta dogo.

HP zinazoandikwa kwenye boneti ni za injini. Zinazofika kwenye PTO, yaani ile shafti fupi ya nyuma inayozungusha rotaveta na fyekeo, ni kama asilimia 85 yake. Kwa hiyo trekta la HP 40 linakupa 34 hivi za kazi. Tena injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Mkulima wa Njombe au Mbulu akinunua HP 30 za kwenye karatasi, ajue amenunua 25 hivi, na hizo kabla ya kufika kwenye PTO.

Halafu kuna uzito, ambao wauzaji hawautaji mpaka uwaulize. Plau linavutwa na uzito uliokandamiza tairi pamoja na injini. Vitrekta vingi vya Japani vya HP 20 na kitu havifiki hata tani moja, wakati trekta la India la HP 40 hadi 45 mara nyingi lina karibu tani mbili. Ndiyo maana utaona kitrekta kizima, injini inanguruma, tairi zinazunguka palepale na plau limekwama. Kujaza maji kwenye tairi za nyuma, kama robo tatu ya tairi, na kufunga vyuma vya uzito mbele kunasaidia sana, lakini hakuligeuzi dogo kuwa kubwa.

Pawatila haitoshi?

Kwenye majaruba ya mpunga inatosha, na mara nyingi ndiyo chaguo bora kuliko trekta: nyepesi, haizami, spea zake zimejaa madukani Mbarali na Kilombero. Kwenye ardhi kavu na ngumu ni habari nyingine. Pawatila zilisambaa sana baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa 2009, na pale zilipopelekwa kwenye udongo mgumu usio wa mpunga nyingi ziliishia kufungwa tela na kubeba tofali, mchanga na abiria. Mashine ya HP 14 ya kutembea nyuma yake haikuundwa kukatua ardhi ya Shinyanga mwezi Oktoba. Kama una ng'ombe wawili wazuri waliofundishwa, watakufaa kuliko pawatila huko.

Tairi mbili zinazovuta au nne?

Kama shamba lako lina mteremko, linatuama maji, au unataka kutumia rotaveta kwenye matope, nunua nne. Kwa tambarare kavu, mbili zinatosha: bei iko chini, mhimili wa mbele ni rahisi kutengeneza na hakuna difu ya mbele ya kuvuja. Nimeona watu wakilipia nne kisha difu ya mbele ikaharibika, wakachomoa shafti na kuendelea na mbili. Fedha ile ingenunua haro.

Plau la diski, plau la kawaida au rotaveta?

Penye visiki, mizizi na mawe, diski, kwa sababu inapanda juu ya kizuizi badala ya kuvunjika. Penye udongo laini uliolimwa miaka mingi, plau la kawaida linageuza vizuri zaidi na kufukia magugu. Rotaveta inapendeza macho, shamba linatoka kama limechekechwa, lakini ukiitumia kila msimu kwa kina kilekile udongo wa chini hugandamana na wa juu huwa unga unaobebwa na mvua ya kwanza. Kwa bustani ya mboga sawa. Kwa ekari 30 za mahindi nisingeiweka mbele.

Jambo la kukagua kabla ya kulipa ni pini. Matrekta mengi madogo hutumia kiungo cha pointi tatu (mikono ya nyuma inayoshika zana) cha daraja la 1, chenye pini za chini za milimita 22. Zana nyingi zinazotengenezwa kwa matrekta makubwa ni za daraja la 2, pini za milimita 28. Hazitaingia, na fundi atakayezichonga ziingie anakuuzia tatizo la baadaye.

Angalia pia uwezo wa kunyanyua. Vipeperushi vingi huandika kilo zinazonyanyuliwa kwenye ncha za mikono. Zana yenyewe inaning'inia nyuma zaidi ya hapo, kwa hiyo ulizia kilo zinazonyanyuliwa sentimita 61 nyuma ya ncha. Namba itashuka, na hiyo ndiyo ya kweli.

Jipya la India, lililotumika la Japani, au Massey la zamani?

Kama spea na fundi viko ndani ya nusu siku ya safari kutoka shambani kwako, yoyote kati ya hayo matatu yanaweza kuwa sahihi. Kama havipo, hakuna lililo sahihi. Kila kitu kingine kwenye swali hili ni cha pili.

Matrekta mapya ya India (Mahindra, Sonalika, Swaraj, Farmtrac, na New Holland au John Deere zinazoundwa huko) ni mazito kwa HP zake, hayana mambo mengi ya umeme, na yanakuja na waranti. Waranti hiyo isome vizuri: ni ya miezi au ya saa, ipi inatangulia, na fundi atakuja shambani au utalibeba trekta kwa lori hadi mjini?

Yaliyotumika ya Japani (Kubota, Iseki, Yanmar, Shibaura) yana injini tamu, za silinda tatu nyingi, zinazokunywa dizeli kidogo. Ila mengi yaliundwa kwa ajili ya majaruba ya huko: mepesi, tumbo liko chini, tairi zenye meno marefu ya matope yanayolika haraka kwenye barabara kavu. Maandishi yote yako kwa Kijapani. PTO yao mara nyingi ina spidi tatu au nne, na zana yako inataka mizunguko 540 kwa dakika. Dereva akiweka gia ya juu, fyekeo linazunguka kuliko linavyoweza kustahimili. Weka alama ya rangi kwenye gia sahihi siku ya kwanza. Mengi ya zamani hayana fremu ya kukinga dereva pia, na hilo tutalirudia.

Massey Ferguson 135 iliundwa kuanzia 1964 hadi 1975 na bado inalima. Sababu ni kwamba fundi wa wilayani anaijua kwa macho yaliyofumbwa, na spea, za asili na za kuiga, zinapatikana. Anayeuza 135 nzuri anajua thamani yake, usitarajie bei ya chuma chakavu. Pia ujue unanunua chombo cha miaka zaidi ya 50 ambacho kimefunguliwa na mafundi wengi, na kila mmoja aliacha alama.

Nikague nini kwenye trekta lililotumika?

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna sababu. Injini ya dizeli nzima huwaka baridi bila kusukumwa na bila dawa ya kupulizia.

Moshi mweusi kidogo unapokandamiza mafuta ni kawaida. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, yaani ringi au vali. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke mdogo sawa, lakini ukipuliza kama jiko la kuni, injini hiyo inakaribia kufunguliwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi imeondoka.

Kisha haidroliki, ambayo wengi hawaigusi. Funga zana nzito, nyanyua, zima injini, nenda ukanywe maji. Ukirudi zana imelala chini, siili zimechoka. Nyanyua na kushusha mara kumi mfululizo, kwa sababu pampu dhaifu hufanya vizuri baridi na kugoma ikipata moto.

Tikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili. Angalia pale injini inapoungana na boksi la gia, na boksi linapoungana na difu: welding au ufa hapo, ondoka. Linganisha mita ya saa na pedali. Mita inasema saa 900 lakini mpira wa klachi umeisha hadi chuma kinang'aa, mwamini pedali. Endesha gia zote, pamoja na rivasi, na umwombe alime mistari mitatu.

Namba za chesisi na injini zilingane na zilizo kwenye kadi. Ukikuta kibao kimefunguliwa riveti na kurudishwa, usijadili bei.

Kwenye bei nilizopewa, mmoja yuko chini sana. Kwa nini?

Kwa kawaida hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anataja trekta tupu bandarini Dar es Salaam, mwingine anataja trekta lililolipiwa kila kitu, lenye plau, haro na tela, likiwa shambani kwako. Omba ankara ya awali iliyotenganisha vitu hivi: trekta, kila zana kwa jina na upana wake, usajili, usafiri, mafunzo ya dereva, huduma ya kwanza, na vyuma vya uzito. Vyuma vya uzito husahaulika mara nyingi, halafu vinauzwa peke yake kwa bei ya kuudhi.

Kuhusu kodi, kwenye ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki matrekta ya kilimo huingia kwa asilimia 0, na Tanzania imeyaweka kwenye orodha ya bidhaa za kilimo zilizosamehewa VAT. Tozo nyingine ndogo za forodha na gharama za bandari na wakala wa forodha zipo palepale. Usichukulie kwamba msamaha unafika hadi kwenye tairi, spea na tela. Orodha hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo ukiagiza mwenyewe kutoka nje, pitia TRA kabla ya kutuma fedha. Dai risiti ya EFD hata kama bidhaa haina VAT.

Nikokotoeje kama linalipa?

Chukua karatasi. Tuseme trekta la HP 40 pamoja na plau, haro na tela vinakugharimu milioni 50. Utalitumia miaka 10 kisha uuze kwa asilimia 35 ya bei, yaani milioni 17.5. Thamani inayopotea ni milioni 32.5, sawa na milioni 3.25 kwa mwaka.

Fedha yenyewe ina gharama, iwe ya mkopo au ya mfukoni. Thamani ya wastani ya chombo kwa miaka hiyo ni milioni 33.75. Kwa riba ya asilimia 12, hiyo ni milioni 4.05 kwa mwaka. Bima na banda, weka milioni 1. Jumla milioni 8.3 kila mwaka, trekta likilala au likifanya kazi.

Sasa gharama za kazi kwa saa: dizeli lita 5 kwa shilingi 2,800 ni 14,000, oili, vichujio na matengenezo 5,000, dereva 4,000. Jumla 23,000.

Ukilitumia saa 150 kwa mwaka, zile milioni 8.3 zinakuwa 55,300 kwa saa. Ongeza 23,000, unapata 78,300. Ekari moja inachukua saa 1.8, kwa hiyo umeikatua kwa karibu shilingi 141,000. Ukilitumia saa 500, ekari hiyohiyo inakugharimu kama 71,000. Ikiwa jirani anakodisha kwa 75,000 kwa ekari, basi trekta lako linaanza kulipa likifika takribani saa 445 kwa mwaka.

Saa 445 za kukatua ni kama ekari 247. Hapa wengi husema, "Nitakodisha kwa majirani." Angalia kalenda. Kwa kasi hiyo trekta linakatua ekari nne na nusu kwa siku ya saa nane. Msimu wa kulima ukiwa siku 30 bila hata moja ya kuharibika, umepata ekari 133. Haziwezi kufika 247 kwa plau peke yake hata ukilala kwenye kiti. Saa zilizobaki lazima zitoke kwenye tela, maji, fyekeo na kupukuchua. Kwa hiyo tela si nyongeza ya kuchukua fedha zikibaki, ndilo linalobeba hesabu nzima. Na ndiyo maana kwa ekari 10 hadi 30 zisizo na kazi nyingine, wakulima watatu kununua moja kwa mkataba wa maandishi, wenye zamu za kulima zilizopigiwa kura, kunaleta maana kuliko kila mmoja kuwa na lake lililolala.

Trekta lililotumika halibadilishi hesabu?

Linabadilisha. Bei ikiwa nusu, gharama za kulala zinashuka karibu nusu, na trekta linaanza kulipa kwa saa chache kuliko zile 445. Matengenezo yanapanda, na siku za kuharibika huangukia wiki ya mvua. Kwa mwenye saa chache kwa mwaka na fundi karibu, lililotumika ndilo lenye akili. Kwa anayetaka kukodisha kila siku, jipya.

Mkopo nipate wapi?

Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), benki za biashara zenye dirisha la kilimo, PASS inayodhamini wakulima wasio na dhamana ya kutosha, na kampuni za kukodisha-kununua kama EFTA, ambako chombo chenyewe huwa dhamana na kadi hubaki kwao hadi umalize. Omba marejesho yafuate mavuno. Mkulima wa mahindi anayelipa kila mwezi atauza debe debe kwa bei ya Juni.

Dereva wa lori anaweza kuendesha?

Kuendesha ndiyo. Kulima, afundishwe. Pia awe na leseni inayoruhusu trekta, na trekta lenye kutembea barabarani liwe limesajiliwa na lina taa za nyuma kwenye tela. Usimlipe kwa ekari bila kuangalia kina cha plau, utakuta shamba limekwaruzwa.

Ni hatari kiasi gani?

Kupinduka ndiko kunakoua waendesha trekta zaidi duniani. Trekta bila fremu ya kukinga kwenye shamba la mteremko nisingeliruhusu hata kama ni la bure. Fremu inaweza kutengenezwa, lakini iwe ya vipimo, siyo bomba la maji lililochomelewa. Fremu ikiwepo, mkanda ufungwe, la sivyo itamponda anayetupwa nje. Usifunge mnyororo wa kung'oa kisiki juu ya difu, funga kwenye ndoana ya chini, kwa sababu ukivuta juu trekta hunyanyua pua na kukulalia ndani ya sekunde. Kifuniko cha shafti ya PTO kikivunjika, simamisha kazi: kanga au shati lililochanika linatosha kuvuta mtu. Na abiria kwenye matairi ya nyuma, hapana, hata watoto wa mwenye shamba.

Huduma zake zikoje?

Ya kwanza kwenye saa 50 kwa jipya, na usiikwepe, ndipo vyuma vipya vinapoacha unga wake kwenye oili. Baadaye oili ya injini kwa matrekta mengi ni kila saa 250, ila kwenye vumbi letu usisubiri namba kwa kichujio cha hewa: kiangalie kila siku ya kulima. Dizeli ichujwe. Pampu ya sindano iliyokunywa maji ya dumu ni ya bei ya plau.

Ninunue wakati gani?

Baada ya mavuno, siyo Oktoba wakati kila mtu anapiga simu. Maonesho ya Nane Nane ya kila Agosti (Nzuguni Dodoma, Morogoro, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha) ni mahali pazuri pa kuona mashine za wauzaji mbalimbali siku moja na kuuliza swali moja kwa wote: spea zako ziko wapi karibu na kwangu? Usilipe hapo. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoko Arusha, hupima mashine za kilimo, na mwuzaji makini ataweza kukuonyesha kama chombo chake kimepimwa. Halafu mwombe alilete trekta alime robo ekari ya shamba lako, pale penye udongo mbaya zaidi, wewe ukiwa umelipia mafuta.